Kiti cha Mkaguzi

Utepe wa nta hutoka kwenye kisu ukiwa umejikunja kidogo, kama unaona haya, na mkataji asipouwahi kwa ncha ya brashi huruka ukagandama kwenye mkono wa shati, na hapo huwa umekwisha kazi. Mwanamke aliyekuwa akiukata asubuhi hiyo alikuwa na miaka kumi na minne katika chumba hicho kimoja, kati ya mashine ya kukatia na beseni la maji ya vuguvugu, na pale hospitali walikuwa wamezoea kumwita Mama Utepe hata wengi hawakujua kuwa ana jina lingine. Alichukua vipande vya nyama vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, vikazamishwa katika nta na kuganda kama kipande cha sabuni, akavikata vyembamba mno: ishirini vikilaliana ndipo vinakaribia unene wa unywele mmoja. Kisha akavitandaza juu ya maji, vikaelea na kunyooka, akaviopoa kwa kioo kidogo, kimoja baada ya kingine, bila kuvitia kunyanzi.

Karatasi iliyoambatana na kipande cha asubuhi hiyo ilikuwa na jina la wifi yake.

Hakushtuka, kwa kuwa alikuwa akiitarajia. Aliibeba karatasi hiyo mpaka chumba cha pili, kwa daktari wa hadubini, mtu mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na ambaye kila mara alikuwa akitafuta moja kati ya hizo.

"Dokta, huyu ni dada wa mume wangu. Nimeona niseme kabla sijagusa."

"Umefanya vyema. Kuna mkataji mwingine?"

"Yuko likizo."

"Basi kata. Anayesoma ni mimi, si wewe." Akaangalia karatasi tena. "Kwenye kioo cha kwanza alichokata mwenzako kabla ya likizo, seli zake kwa umbo zinafanana na aina ya pole. Lakini sina hakika. Nitakuomba unitilie rangi ya hamsini na tatu."

Hamsini na tatu ndilo jina walilolizoea la protini ambayo wagunduzi wake waliipa namba, na namba ikabaki. Mama Utepe alikuwa ameitia rangi mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Na siku moja tu kabla ya hapo alikuwa ameieleza, kwa kujiamini kabisa, kwa huyo huyo mwenye kipande.

Ilikuwa hivi. Alitoka kazini akapitia kwenye karakana ya wifi yake, chumba kirefu chenye cherehani sita, meza moja ya kukatia, na vumbi la nyuzi lililotulia juu ya kila kitu isipokuwa mkasi. Sare za shule zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani, kwani shule zilikaribia kufunguliwa. Wifi mtu alikuwa amesimama mezani, chaki sikioni, mwanamke mrefu ambaye maradhi yalikuwa bado hayajamwinamisha.

"Karibu, wifi. Umekuja na kisu chako?"

"Nimekiacha kazini. Nikikileta hapa utaniajiri."

"Nikuajiri wewe? Mtu anayekata siku nzima, na akimaliza hakuna hata kimoja kinachovalika?"

Washonaji wakacheka bila kuinua vichwa. Mama Utepe akavuta stuli, akaketi, akapewa kikombe cha chai na kipande cha kitambaa cha kushikia, kwa sababu kikombe hakikuwa na mkono.

"Nieleze," wifi yake akasema, sauti ikiwa imeshuka. "Yule wa upasuaji kanieleza haraka haraka, nikaitikia tu. Kasema ikiwa ni ile ya pole, Ijumaa ananitoa kizazi kwa matundu madogo, nakaa nyumbani wiki tatu, narudi kwenye mkasi. Ikiwa ni ile kali, anafungua tumbo lote, anatafuta mpaka kwenye matezi, halafu dawa za mshipa miezi sita. Mimi nikamwambia nifanyie ile ndogo, yaishe. Akaniambia, mama, nikikufanyia ndogo na ulihitaji kubwa, kitakachobaki kitarudi, na kikirudi hakitakuwa na subira."

"Amesema kweli."

"Najua kasema kweli, ndiyo maana nakuuliza wewe. Sasa hicho kioo chako kinajuaje ni ipi?"

Mama Utepe alipenda kuulizwa swali hilo. Nyumbani hakuna aliyemuuliza. Mumewe alikuwa akisema tu kwamba mkewe yuko hospitali, kana kwamba amelazwa.

"Kila seli," alisema, "kabla haijagawanyika inanakili maelekezo yake yote. Kama wewe unavyonakili karatasi ya vipimo. Katika kunakili, makosa hutokea. Sasa ndani ya seli kuna protini, kazi yake ni kusikia kama kuna uharibifu. Ikisikia, inasimamisha kila kitu. Seli haigawanyiki mpaka kosa lirekebishwe."

"Na lisiporekebishika?"

"Inaiamuru seli ife."

Mkasi wa wifi ukasimama katikati ya kitambaa. "Ife vipi?"

"Inajikunja, inajikatakata vipande vidogo ndani kwa ndani, na majirani zake wanavimeza. Bila usaha wala homa. Husikii lolote."

"Na hilo linatokea lini?"

"Sasa hivi. Ndani yako, ndani yangu, tukinywa chai."

Wifi akatazama mkono wake mwenyewe, juu na chini, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina mpangaji asiyemjua. "Kwa hiyo ni mkaguzi," akasema hatimaye. "Ni Bwana Kimya."

Bwana Kimya alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha miguu mifupi karibu na mlango, na kila nguo iliyoshonwa ilipita mapajani mwake kabla ya kutoka. Hakusifu. Nguo nzuri aliipitisha bila neno. Yenye kosa dogo aliirudisha, ikafumuliwa na kushonwa upya. Yenye kosa kubwa aliitupa katika gunia la matambara, na mshonaji asingethubutu kumbishia. Siku hizi macho yalikuwa yamemchoka, akawa anakuja asubuhi tu, na kwa saa hiyo kiti chake kilikuwa kitupu.

"Yule mzee," wifi akaendelea, akicheka kwa pua, "mwaka juzi alishikwa na homa wiki nzima, nasi hatukujua. Kiti kimefichwa na marobota, nani aangalie? Nguo zinapita, hairudi hata moja. Mimi nikasema, kumbe tumekuwa hodari. Nilifurahi mpaka Alhamisi. Alhamisi mwalimu mkuu akaja na mashati arobaini, yote yana mikono miwili ya kushoto."

Hata yule mshonaji aliyeyashona mashati hayo alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko vya wengine.

"Haya, na rangi yenu?" wifi akauliza.

"Rangi inaionyesha hiyo protini. Panapo kahawia, ipo. Katika seli za kawaida ni kidogo tu, hapa na pale, kwa sababu seli huitengeneza na kuivunja muda wote. Sasa ikiharibika, haivunjwi tena. Inarundikana, haifanyi kazi, seli zote zinajaa kahawia iliyokolea. Hiyo ndiyo aina kali."

"Na isipoonekana kabisa?"

"Basi ni nzuri," Mama Utepe akajibu, akamalizia chai yake.

Hakusema uongo. Alisema alichojua, na alichojua alikipata kwenye karatasi ya majibu, ile iliyochapwa miaka mingi kabla hajaajiriwa na ambayo aliiambatanisha na kila kioo cha rangi hiyo. Ilikuwa na visanduku viwili: *Imezidi*, na *Haijazidi*. Daktari aliweka alama katika kimoja, akatia sahihi, na karatasi ikapanda ngazi kwenda wodini. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyelalamika kwamba visanduku vimepungua.

Siku hiyo ya kukata, Jumatano, saa nane na nusu mchana, vioo vya wifi vilitoka kwenye rangi. Alikuwa amefuata kila hatua: kuyeyusha nta, kuchemsha kioo ili protini ijitokeze, kutia kingamwili inayoishika protini hiyo peke yake, kuosha, kutia kahawia, kuosha tena, na mwisho bluu nyepesi ili viini vya seli nyingine vionekane. Akainua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja, pale alipoweka kipande cha findo la kooni la mtu mwingine kama shahidi kwamba rangi imefanya kazi, palikuwa na madoa hafifu ya kahawia. Upande wa pili, kipande cha wifi yake kilikuwa cha bluu tupu.

Alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya sinki.

Daktari alikiweka kioo chini ya hadubini, akakipitia haraka kwa lenzi ndogo. Mezani palikuwa na trei mbili zinazomsubiri, na simu ya wodi ilikuwa imekwisha kulia mara tatu.

"Hakuna kitu," akasema. "Afadhali." Akaweka alama kwenye *Haijazidi*, akaweka kalamu chini. "Daktari wa upasuaji anataka jibu kabla ya saa kumi. Nitatia sahihi nikimaliza trei hii. Mpe wifi yako salamu, ila usimpe jibu."

"Siwezi kumpa, Dokta."

Akarudi chumbani kwake kuosha trei. Kazi ya kuosha ni ya mikono, na akili huachwa ikizurura. Ya kwake ikazurura mpaka kwenye kile kioo. Palikuwa na kitu kilichomkuna. Hakikuwa shaka, kilikuwa udadisi tu, kama wa mtu aliyepita mbele ya nyumba anayoijua akaona mlango umepakwa rangi nyingine. Kila kioo chema alichowahi kukitia rangi hiyo kilikuwa na madoadoa, kahawia kidogo hapa, kidogo pale. Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe jana: hapa na pale. Mbona hiki kilikuwa safi namna ile?

Akafuta mikono. Alikuwa amekata vipande viwili na kuvitia rangi vyote, kama kawaida yake, na kile cha pili alikuwa nacho. Akakipeleka kwenye hadubini ya zamani iliyo pembeni, ile yenye kirungu cha kusawazisha picha kinacholegea, akaanza na lenzi ndogo, kisha kubwa.

Seli za uvimbe zilikuwa zimejipanga kwa vishada, viini vikubwa, vya bluu, vya bluu, vya bluu. Alihesabu mia bila kuona hata kivuli cha kahawia. Kisha akasogeza kioo kwa upana wa ukucha, akaingia katika nyuzi nyembamba zilizokuwa kati ya kishada na kishada, ambako seli za kawaida za wifi yake zilikuwa zikiishi maisha yao. Huko kulikuwa na kahawia. Hafifu, hapa na pale. Seli moja ya kinga, nyembamba kama punje ya ufuta, ilikuwa na doa lake. Jirani yake hakuwa nalo. Wa tatu alikuwa nalo kidogo.

Rangi basi ilikuwa imefanya kazi, katika kipande kile kile, kwa umbali usiozidi ncha ya sindano. Iliiona protini kila ilipokuwapo. Ndani ya uvimbe haikuiona kwa sababu haikuwamo.

Nilifurahi mpaka Alhamisi.

Sauti ya wifi yake ilimjia na kicheko chake cha pua, na Mama Utepe akainua jicho kutoka kwenye hadubini. Katika karakana ile, siku ambazo nguo hazikurudi zilikuwa za aina mbili. Siku moja mzee yuko mlangoni na nguo ni njema. Siku nyingine kiti ni kitupu. Ukihesabu nguo zilizorudi, hesabu ni ile ile: hakuna. Ili ujue ni siku gani, ni lazima uende ukaangalie kiti.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini.

Hakuinuka mara moja. Alijua akikaa pale kwa nusu saa tu, akiosha trei zake, karatasi itapanda ngazi, na Ijumaa wifi yake atapata matundu madogo na wiki tatu na mkasi wake. Hakuna atakayemlaumu, yeye ni mkataji, anayesoma ni mwingine. Jibu zuri lilikuwa limekwisha kuandikwa, yeye ndiye angelibandua. Na huenda alikuwa amekosea, yeye aliyeishia kwenye cheti cha maabara, akimfundisha daktari kazi kwa mfano wa mashati.

Alichukua kioo, akaenda.

"Dokta, nina swali la kijinga."

"Uliza. Ya werevu yamenichosha leo."

"Protini ikizidi, tunasema imeharibika. Ikiwa kidogo hapa na pale, ni ya kawaida. Sasa ikiwa haipo kabisa, hata chembe, hiyo nayo ni ya kawaida?"

Daktari alikuwa ameshika kalamu. "Labda rangi haikushika."

"Imeshika. Shahidi ana madoa. Na seli za katikati, za kwake mwenyewe, zina madoa. Za uvimbe tu ndizo hazina."

Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akachukua kioo, akakiweka, na safari hii akageuza lenzi kubwa. Alikaa hapo muda mrefu, akisogeza kwa vidole viwili. Mama Utepe alisikia saa, na maji yakidondoka kwenye sinki la chumba chake.

"Kuna makosa ya maelekezo," daktari alisema bila kuinua kichwa, kama anayejisomea, "yanayoifanya protini iwe mbovu ikajaa. Na kuna makosa yanayoyakata maelekezo katikati, protini isitengenezwe kabisa. Seli haina wa kuisimamisha. Haina wa kuiambia ife. Ni aina kali ile ile, kwa mlango mwingine." Akainuka, akavua miwani, akatafuta nyingine, akaigundua kichwani. "Nilisoma hili. Niliulizwa hili kwenye mtihani, nikalipata. Halafu nikaja hapa nikakuta fomu."

Wote wawili wakaitazama fomu. Visanduku viwili, na alama ya kalamu katika kimoja. Hata sasa alama hiyo ilikuwa ya kweli: haijazidi.

"Kata upya," akasema. "Tia mashahidi wawili. Mimi nitampigia wa upasuaji asubiri mpaka kesho asubuhi."

Mama Utepe alikata upya. Hakuwahi kukata utepe kwa mkono mzito kama ule, na haukuwa na kunyanzi hata moja. Wakati wote wa kuosha na kutia rangi alijua anachotamani, alitamani kahawia kidogo, doa moja ndani ya kishada, na alijua pia kwamba matamanio hayo ndiyo sababu ya kuhesabu kila dakika ya kila hatua kwa saa ya mkononi, isipungue wala isizidi. Alhamisi asubuhi kioo kilitoka. Mashahidi wote wawili walikuwa na madoa. Seli za katikati zilikuwa na madoa. Uvimbe ulikuwa wa bluu.

Daktari alichukua rula, akachora kisanduku cha tatu chini ya viwili vile, kwa wino, kingo zake zimenyooka, akaandika pembeni yake: *Haipo kabisa*. Akaweka alama. Kisha, kabla ya kutia sahihi, akasema, "Droo za vioo vya zamani, ufunguo unao?"

"Ninao."

"Vya rangi hii, vya nyuma kadiri vinavyofika. Tutavipitia vyote, wewe na mimi."

Wifi alifika alasiri hiyo hiyo, akitoka kwa daktari wa upasuaji, akasimama mlangoni mwa chumba cha kukatia. Hakuwahi kufika pale kabla. Alitazama mashine, beseni, safu za vioo.

"Uliniambia isipokuwapo ni nzuri."

"Nilikosea, wifi."

"Nimeambiwa nusura waandike hivyo. Nimeambiwa pia ni nani aliyewarudisha." Akaingia, akaketi juu ya stuli bila kukaribishwa. "Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wateja wiki tatu."

"Najua."

"Nionyeshe."

Mama Utepe alikwenda kuomba ruhusa, akapewa. Wifi yake aliinamia hadubini, akakunja uso, kisha mkono wake wenyewe ukaenda kwenye kirungu cha kusawazisha, ukakizungusha taratibu, kama anayelegeza uzi wa cherehani, na picha ikatulia.

"Hizi za bluu?"

"Ndizo."

"Zimejibana kama foleni isiyo na msimamizi." Akasogeza kioo mwenyewe. "Na hawa wembamba wa katikati, wenye doa?"

"Hao ni wewe."

"Wao wakaguzi wao wapo?"

"Wapo. Hapa na pale."

"Na hizo dawa za miezi sita, zitawaambia nini hawa wasio na mkaguzi?"

"Zitawavuruga mpaka washindwe kugawanyika. Hazimsubiri mkaguzi. Lakini zitawachosha na hawa wengine, sitakuficha."

Wifi akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na duara la lenzi lilikuwa limejichora kuzunguka jicho moja. "Umejifunza kutonificha. Imechukua siku mbili."

Ijumaa walifungua tumbo. Katika tezi moja, ndogo kama punje ya dengu, walikuta kile ambacho matundu madogo yangekiacha.

Wiki ya tano, Jumamosi mchana, Mama Utepe alifika karakana akiwa na chupa ya uji na mto. Wifi alikuwa mezani, ameketi badala ya kusimama, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye kitana, akikata kola kwa mkasi mdogo kwa sababu ule mkubwa alikuwa amekatazwa. Marobota yaliyoficha mlango yalikuwa yamesogezwa. Kutoka mezani, kiti cha miguu mifupi kilionekana wazi, kitupu, kwani mzee alikuwa amekwisha kwenda zake.

"Weka uji hapo. Leo huendi popote," wifi akasema. "Una macho ya kuona kitu ambacho hakipo. Kaa pale mpaka jioni."

"Mimi? Si ulisema nakata siku nzima na hakuna kinachovalika?"

"Sijakwambia ukate. Nimesema ukae. Na ukikaa kimya muda mrefu nitakuja kuangalia kama upo."

Mama Utepe akaketi, magoti yakapanda karibu na kidevu. Shati la kwanza likaja mapajani mwake. Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akageuza mshono wa bega kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa makini. Washonaji walipunguza mwendo wa cherehani wakisubiri.

"Hii kola," akasema.

"Ina nini?" wifi akauliza kutoka mezani, akiwa tayari ameanza kuinuka.